Mtoto wa shule bado anajikojolea mchana? Hivi ndivyo biofidibaki (mashine inayomuonyesha mtoto msuli wake kwenye skrini) inavofanywa, na kazi yako mzazi iko wapi

Kama kila jioni ukifungua begi la mtoto kitu cha kwanza unachotafuta ni ile chupi mbichi iliyoviringwa chini ya vitabu, basi kaa hapa tuongee. Mimi hayo nimeyaishi miaka miwili. Binti yangu ana miaka minane saa hii, na usiku alikuwa analala mkavu mpaka asubuhi bila tatizo, lakini mchana ilikuwa balaa, mara sketi ya shule ina ramani, mara kwenye tuktuk tukirudi kutoka sokoni Marikiti hapa Mombasa, mara chuoni ustadh anamrudisha nyumbani akabadilishe nguo ndo asome.

Na maneno ya watu ndo usiseme. Mara ni mchango, mara kijicho, mara ni mvivu tu anaona taabu kuacha mchezo, bibi yake akanambia nimnyime maji. Mimi mwenyewe niligomba mpaka nikachoka na kofi nishawahi kumpiga, naandika hapa na haya zangu. Halafu kulikuwa na ile tabia yake ya kuchutama ghafla katikati ya mchezo, kisigino anakikandamiza chini huko, anatulia kama sekunde kumi, kisha anainuka anaendelea kukimbia. Nilidhani ni mchezo wao watoto. Kumbe ndo alikuwa anaziba.

Sasa hebu nieleze vile nilivoelezwa mimi, manake bila kuelewa hapa hutaelewa mashine ni ya nini. Kibofu ni mfuko, na chini yake kuna misuli inayofunga njia, hiyo hiyo misuli ya nyonga inayobana choo kikubwa na ushuzi. Mtu akikojoa sawasawa mambo mawili yanatokea pamoja: kibofu kinajikamua, na misuli ya chini inalegea. Sasa mtoto aliyezoea kubana, sababu choo cha shule kinanuka, au hataki kukosa zamu yake kwenye kamba, misuli yake inajifunza kukaa imekaza muda wote mpaka anasahau kuilegeza. Akienda choo kibofu kinasukuma na misuli inabana, ni kama unafungua bomba huku mtu amekanyaga mpira. Mkojo unatoka vipande vipande, mwingine unabaki ndani, nusu saa haijafika umevuja. Na ule unaobaki ndo vijidudu vinaupenda, ndo maana wengi wa watoto hawa, wasichana hasa, wanarudi rudi hospitali na maambukizi ya mkojo, leo antibiotiki mwezi ujao antibiotiki.

Kwa hivo mtoto kama huyu ukimwambia "kaza, jizuie" unamuongezea ugonjwa. Anachotakiwa kujifunza ni KULEGEZA. Na utamfundishaje mtoto wa miaka saba kulegeza msuli ambao haoni na hajui uko wapi? Ndo hapo biofidibaki inaingia. Ni kioo tu. Mashine inasoma msuli inauonyesha kwenye skrini, mtoto anaona saa hii nimebana, saa hii nimeachia, mwisho anajua mwenyewe bila skrini. Haiingizi umeme mwilini, haina sindano, haina dawa. Hata si kitu kipya, mwaka 1948 daktari mmoja Mmarekani anaitwa Arnold Kegel alitoa kifaa cha kuwaonyesha kina mama waliozaa nguvu ya misuli yao ya nyonga, na mwaka 1979 madaktari wa Chicago wakaandika kuhusu kuitumia kwa watoto ambao misuli na kibofu havipatani. Magemu ya kompyuta yakaja baadae, na kwa watoto hayo ndo yaliyofanya kazi iwe rahisi.

Lakini usikimbilie mashine kwanza. Hapa wengi tunakosea na tunapoteza pesa.

Mtoto chini ya miaka mitano muache akue. Anayekojoa kitandani tu na mchana yuko sawa, biofidibaki si yake, huyo ana njia zake nyingine, kuna kengele ya kitandani na kuna dawa, muulize daktari. Na kuna wale kibofu chenyewe ndo kina haraka, kinajikamua kabla hakijajaa, mtoto anakimbia choo kila saa moja, hao nao wanatibiwa kivingine ingawa ratiba ya nyumbani ntakayosema hapa inawafaa pia. Biofidibaki inamfaa zaidi yule anayebana wakati anakojoa. Utamjuaje? Simama nyuma ya mlango wa choo usikilize. Nasema kweli, ndo kipimo cha kwanza nilichofundishwa. Mkojo mzuri ni shwaaa moja, unaanza unapanda unashuka unaisha. Wa binti yangu ulikuwa chwi, kimya, chwi chwi, kimya, chwi. Miaka yote nimemuosha mtoto huyu na sikuwahi kusikiliza.

Daktari ni lazima, na mkojo upimwe kabla ya lolote. Na kuna dalili ambazo hazingoji fizio (mtaalamu wa mazoezi ya misuli) wala ratiba, ukiona moja nenda hospitali haraka: mtoto anavuja matone muda wote hata akitoka choo sasa hivi hana dakika kavu (kwa msichana inaweza kuwa mrija wa figo umeungana pasipofaa tangu kuzaliwa), mvulana mkojo wake ni dhaifu unadondoka na anasukuma kwa nguvu, mtoto ana kiu isiyoisha na anakonda (kapimwe sukari siku hiyo hiyo), homa na maumivu ya mgongo, miguu imeanza kulegea au anatembea tofauti, au chini kabisa ya uti wa mgongo kuna kishimo, kinundu au nywele. Na sisi watu wa Pwani tuna letu la ziada, mtoto akikojoa damu hasa mwisho wa mkojo, na anaoga mabwawani au mitoni akienda kwa bibi Kwale, Kilifi au Tana River, uliza kichocho, kipimo chake chepesi na dawa ipo. Watoto wenye selimundu (sickle cell) nao wanakojoa mkojo mwingi hasa usiku manake figo zao haziwezi kubana maji vizuri, hao mwambie daktari mapema asije akadhani ni tabia.

Umeshapita hapo? Haya, sasa choo kikubwa. Utaniuliza mkojo na mavi vinahusiana nini, na mimi niliuliza hivo hivo. Utumbo wa mwisho uko nyuma ya kibofu, wamekaa bega kwa bega kwenye chumba kidogo, mmoja akijaa mwenzake anasukumwa. Mtoto aliyefunga choo kibofu chake hakipati nafasi ya kutanuka, na misuli inayobana ni ile ile moja. Mimi nilisema wangu hafungi choo, anaenda kila siku. Daktari akauliza, choo chake kikoje? Nikacheka nikamwambia kikubwa mpaka kinaziba sinki. Akanambia basi huyo amefunga choo mama. Pia ukiona madoa ya mavi kwenye chupi usidhani hajajipangusa, mara nyingi ni choo laini kinapita pembeni ya kigumu kilichokwama.

Sisi tulipewa dawa ya kulainisha, ya maji, na tukaambiwa ni ya miezi si ya siku tatu, nami nikaikatiza wiki ya pili nilipoona mambo mazuri, tukarudi mwanzo. Usifanye kama mimi. Chakula tunacho hapa hapa: pojo, mabaazi, mchicha, papai, machungwa, maembe msimu ukifika. Kila akimaliza kula akae choo dakika tano, asisukume, akae tu, tumbo lenyewe baada ya kula linaamka. Kuna watoto ambao choo kikinyooka na mkojo unanyooka, mashine hata hawajaiona.

Daftari. Nunua la shilingi ndogo tu, na tafuta jagi la kupimia lenye alama za mililita. Siku mbili za wikendi mkiwa nyumbani, kila anapokojoa anakojolea kwenye jagi, unaandika saa na kiasi, kila anachokunywa unaandika, kila akivuja unaandika ni unyevu kidogo au nguo mbichi kabisa. Choo kikubwa andika wiki nzima. Kujua kibofu chake kinatakiwa kubeba kiasi gani chukua miaka yake ongeza moja zidisha kwa 30, kwa hivo mtoto wa miaka 7 ni kama mililita 240, wa miaka 9 ni 300, yani chupa ya soda ile ya kioo. Hesabu hii ni ya mpaka miaka 12 hivi. Na kawaida mtoto anakojoa mara 4 hadi 7 kwa siku. Wangu? Mara tatu! Asubuhi, akirudi shule, na kabla ya kulala. Nilipoona daftari lile nilikaa chini. Mtoto anakaa kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa na nusu hajakojoa, na mimi namwita mvivu.

Daftari hilo usilitupe, ndo kitu cha kwanza fizio atakuuliza.

Sasa ratiba. Kukojoa ni kwa saa, si kwa hamu, kila masaa mawili hadi matatu, akisikia asisikie. Yetu ilikuwa hivi: akiamka, saa nne ya mapumziko, saa saba chakula cha mchana, saa tisa na nusu akitoka shule kabla ya kwenda chuoni, magharibi, na kabla ya kulala. Usimuulize "unataka kwenda choo?" manake jibu ni hapana siku zote, mwambie tu "saa ya choo imefika", kama vile usivomuuliza kama anataka kwenda shule. Kuna saa za mkononi zinazotetema bila kelele, sisi hatukununua, adhana na kengele ya shule vilitutosha.

Shuleni lazima uende mwenyewe. Mimi nilienda kwa mwalimu wa darasa na barua ya daktari, nikamuomba mtoto akinyosha kidole asiulizwe kwa nini, na akae karibu na mlango. Ustadh naye nikamwambia, na alikuwa mwepesi kuliko nilivodhani, akanambia mtoto hana dhambi na hakuna haja kumwambia mbele ya wenzake. Begi la akiba: chupi mbili, sketi, kipande cha kanga kuukuu cha kujifutia, na mfuko wa kitambaa wa nguo mbichi. Mfuko uwe na zipu, watoto wana pua.

Maji usimnyime. Ya bibi yake achana nayo. Mkojo mzito wa manjano unawasha kibofu na choo kinazidi kuwa kigumu. Watoto wa miaka 4 hadi 8 wanahitaji kama lita 1 hadi 1.4 ya vinywaji kwa siku, na kwa joto letu la kaskazi, Januari mpaka Machi, ongeza. Agawanye toka asubuhi, asije akanywa yote jioni. Maji ndo bora, dafu sawa. Kinachotakiwa kupungua ni soda na chai, najua mahamri bila chai ni mtihani, tulianza na maziwa yenye iliki na dunia haikuanguka. Na kama mtoto wako ameanza kujifunza kufunga Ramadhani, ongea na daktari kabla, sisi mwaka ule tulimwambia funga yako ni kuamka daku na sisi, basi, akafurahi.

Kukaa choo. Hapa ntakaa kidogo manake ndo nusu ya dawa. Kama ni choo cha kukalia, miguu isining'inie, weka kigoda au hata debe la rangi lililofunikwa, miguu ikanyage yote. Chupi ishuke mpaka kwenye vifundo, si magotini, magotini inafunga mapaja. Mapaja wazi, aegemee mbele kidogo, mikono juu ya magoti, tumbo alegeze. Choo cha kuchuchumaa chetu hiki kizuri sana bila hata kigoda, bora nyayo zikanyage chini kabisa na asifanye ile nusu-kuchuchumaa ya kuogopa uchafu, manake ukining'inia hivo misuli yote iko kazini inakushikilia usianguke, italegea vipi. Wasichana wengine mkojo unaingia ukeni wakikaa na mapaja yamebana, kisha wakisimama dakika kumi baadae unatoka chupi inalowa, huyo hana hata ugonjwa, dawa yake ni mapaja wazi tu, au akae amegeuka anaangalia tangi la maji. Akimaliza ahesabu mpaka kumi, ajaribu tena kidogo, ndo ajitawaze.

Haya yote tulifanya miezi miwili. Nguo mbichi zilipungua kutoka kila siku mpaka mara tatu kwa wiki, lakini mlangoni bado nasikia chwi chwi. Ndo daktari akasema sasa twende kwenye mashine.

Kutafuta mahali, usiulize "mnafanya fiziotherapia?" utajibiwa ndio kila mahali halafu ufike ukute ni ya magoti na mgongo. Uliza hivi: mna fizio wa misuli ya nyonga, anashughulika na watoto, na stika zenu za kusoma msuli ni za juu ya ngozi? Kuna kifaa cha kuingiza ndani kinachotumika kwa watu wazima, kwa mtoto hakitakiwi, mtoto ni stika tu. Uliza na bei ya kila kikao na kama bima yako inalipa, na kama una msichana omba fizio mwanamke, ni haki yako. Sehemu moja niliyopiga simu waliniambia leta tu tutaona, nikakata.

Usiku kabla, mwandae. Mimi nilimwambia hivi: kesho utawekewa stika ndogo kama zile za kwenye daftari, mbili karibu na matako pale katikati kulia na kushoto, moja pajani, na nyingine tumboni, haziumi, zinatoka na waya unacheza gemu. Mama niko humo ndani muda wote. Na hiyo ni sehemu yako, daktari anagusa sababu mama yupo na wewe umekubali, ukisema simama anasimama. Usilipite hili haraka. Avae sketi au dira nyepesi, aje amekunywa maji, kibofu kiwe kimejaa kiasi, manake ataanza kwa kukojoa.

Ndio, kuna kiti cha kukojolea. Kinafanana na choo lakini chini kuna faneli na mzani unaopima mkojo unatoka kasi gani kila sekunde, na kompyuta inachora. Mchoro mzuri ni kama kilima kimoja. Wake ulitoka kama meno ya msumeno. Wakampaka jeli tumboni wakaangalia na skani, mkojo umebaki. Akaangalia mchoro akauliza, "Hiyo milima ni mimi nimefanya?" Fizio akamwambia ni wewe, na tutaisawazisha.

Kisha gemu. Skrini ina samaki. Ukibana samaki anapanda juu, ukiachia anashuka mpaka mchangani analala. Dakika za kwanza samaki yuko juu tu na mtoto amekodoa macho, anajitahidi kumshusha na kadri anavojitahidi ndo samaki anapanda, na mstari wa tumbo nao unaruka, yani anasukuma na tumbo. Mimi nikafungua mdomo niseme "legeza mama", fizio akaninyoshea kidole, kimya. Akampa mtoto kipande cha karatasi akipeperushe kwa pumzi, polepole, pumzi ndefu ya tumboni. Akapuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na samaki akaanza kushuka mwenyewe kama anayesinzia.

"Anti, amelala?"

"Amelala. Sasa wewe huko chini unasikia nini?"

Akafikiri. "Kama nimekaa kwenye maji ya bahari pale Pirates, yale ya chini yenye joto."

Sijui kama hiyo ni lugha ya kitabu lakini ndo ilikuwa dawa yake. Toka siku hiyo neno letu ni "samaki alale". Wako atapata lake, ngoja alitafute mwenyewe, usimpe lako.

Baada ya hapo wanabadilisha, bana sekunde tano, achia sekunde kumi, bana achia, si kwa ajili ya kutia nguvu, ni ili ajue tofauti. Kumuelekeza abane wapi mwambie kama anazuia ushuzi wageni wakiwa sebuleni, watoto wanacheka na wanaelewa papo hapo. Matako na mapaja yasisogee. Na mwisho wa kikao, kama mkojo umeshajaa tena, anarudi kwenye kiti cha faneli na stika zikiwa bado zimeganda, akojoe huku samaki amelala. Kikao chote ni nusu saa hadi saa moja. Tulifanya sita, kwanza kila wiki kisha kila wiki mbili, kwengine ni vinne kwengine vinane, inategemea mtoto. Yule ambaye hawezi kukaa akafuata maelekezo dakika ishirini, ngoja akue kidogo, hakuna haraka.

Nyumbani anafanya mazoezi yale yale bila mashine, mara mbili kwa siku kama mara kumi kumi, amelala chali au amekaa, sisi ilikuwa baada ya chuo na kabla ya kulala. Kitu kimoja usimruhusu: asifanye zoezi la kukata mkojo katikati akiwa choo. Kuna watu wanaambiana hivo, na kwa mtoto huyu ndo tabia ile ile tunayojaribu kuiondoa. Choo ni mahali pa kuachia tu. Akiwa choo apulize, au avumishe wimbo mdomo ukiwa umefungwa, ukivumisha hivo si rahisi kusukuma.

Na kama hapo ulipo hakuna mashine na safari ni mbali? Basi fanya yote niliyosema hapo juu, choo kikubwa, maji, ratiba, kigoda, mapaja wazi, pumzi, na sikio lako mlangoni ndo skrini. Si sawa na kuona samaki lakini ni sehemu kubwa ya kazi, na hata wenye mashine wasipofanya hayo wanarudi kule kule.

Dawa za kibofu, kama daktari amempa oksibutinini kwa sababu kibofu kina haraka, jua inakausha mdomo, inafunga choo, na inapunguza jasho, na kwa Mombasa hilo la jasho si la kupuuza, asicheze mpira saa saba juani, na akipata joto la mwili mwambie daktari. Usiombe dawa ya mtoto wa jirani.

Zawadi, tulikuwa na kalenda ukutani na nyota, lakini nyota si ya kuwa mkavu. Ni ya kwenda choo kwa saa na kukaa vizuri, vitu anavyoviweza. Ukavu hauko mikononi mwake bado, ukimpa nyota ya ukavu siku akilowa atakuficha chupi. Wangu aliwahi kuficha moja ndani ya jagi la kupimia lile lile, sijui aliwaza nini.

Na atarudi nyuma, jiandae. Sisi ilikuwa baada ya harusi ya shangazi yake, siku tatu za soda na viazi karai na hakuna aliyemkumbusha choo, akalowa wiki nzima. Akirudi nyuma angalia kwanza choo kikubwa, kisha pima mkojo kama kuna maambukizi, kisha rudisha ratiba, bila kelele. Mwache abadilishe mwenyewe, aloweke chupi yake mwenyewe kwenye ndoo, si adhabu, ni vile anavoosha sahani yake.

Kikao cha mwisho mchoro ulitoka kilima kimoja, kimepinda kidogo upande, na skani ikaonyesha hakuna kilichobaki. Fizio akatupa karatasi tukaibandika jikoni. Ratiba tumeendelea nayo karibu mwaka sasa, imelegea kidogo, shule wamemzoea. Mimi bado nikipita mlango wa choo nasimama kidogo, tabia, nasikia shwaaa moja refu mpaka mwisho, na sauti ndani inanifokea, "Mama, toka hapo mlangoni, samaki amelala!"